Petali ya Tatu ya Kongwa

Vijana wangu, mmeniomba niwaonyeshe kwenye ramani mahali nilipoliona lile kongwa lenye petali tatu za bluu, kwa sababu mnataka kwenda kulitafuta mvua zikianza. Nitawaonyesha. Lakini kuna mambo ambayo sikuyaandika kwenye lebo wala kwenye ripoti, na nimeyabeba peke yangu tangu kabla sijastaafu. Someni kwanza, halafu mtaamua kama bado mnataka kunipakia kwenye gari lenu.

Kongwa lenyewe mnalijua. Kila aliyewahi kupalilia mahindi amelilaani. Unaling'oa asubuhi, unalitupa pembeni ya tuta, mvua inanyesha mara moja, limeshaota mizizi tena. Ua lake ni la bluu, dogo, na watu wengi wataapa kwamba lina petali mbili. Lina tatu. Ya tatu iko chini, ndogo, imepauka, na ukilipiga picha kwa simu kutoka mbele kama mnavyopenda ninyi, hutaiona. Lazima ulale. Sisemi uiname, nasema ulale, kifua kwenye udongo, ulitazame kutoka chini kwenda juu. Nimeharibu mashati mengi kwa kazi hiyo, na marehemu mke wangu, Mama Neema, alikuwa akiwaambia majirani kwamba ameolewa na kenge.

Mimi nilikuwa mkusanyaji wa mimea. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka porini, kukata matawi yenye maua, kuyakausha kati ya magazeti na kuyaandikia lebo, ili wasomi walioko mbali wayafungue na kuyasoma. Aliyenifundisha ni mzee mmoja mfupi, mkali, jina lake Ndalahwa. Hakuwa na shahada yoyote, lakini wenye shahada walimwogopa. Mwaka wangu wa kwanza alinituma nikalete makongwa ya aina zote nitakazozikuta. Nikaona nimepata kazi ya mtoto. Nikazunguka tangu asubuhi, nikajaza mfuko, nikarudi kambini saa nane mchana nikiwa najisikia shujaa. Mzee akaufungua mfuko, akatoa shina moja, jingine, la tatu. Hakukuwa na ua hata moja. Mnajua tena, ua la kongwa huchomoza kwenye jani dogo lililokunjwa kama bahasha, hufunguka asubuhi, na jua likipanda linayeyuka na kuwa ute. Halinyauki kama maua mengine, linayeyuka kabisa.

"Umeniletea bahasha," Mzee Ndalahwa akasema. "Barua umempa nani?"

Alinicheka wiki nzima. Kisha akanionyesha anavyofanya yeye. Unalikata ua kabla ya saa tatu, unalilaza palepale ulipolikatia juu ya karatasi laini ya chooni, unalifunika kwa kipande kingine, na hiyo karatasi huifungui tena mpaka kila kitu kiwe kimekauka. Magazeti ya nje utayabadilisha kila siku, ile ya ndani usiiguse. Ukiifungua ili uchungulie, ua linabaki nusu huku na nusu kule. Mengine unayatia kwenye chupa ya spiriti. Humo umbo hukaa vizuri, rangi ndiyo huondoka. Na lebo huandikwa ukiwa umesimama mbele ya mmea, si jioni kambini ukinywa chai, kwa sababu kufikia jioni umeshaanza kujitungia.

Sasa nije kwenye jambo linalowapeleka huko. Mzee alinipa lenzi yake ya mkono siku moja tukiwa kwenye majabali upande wa Kishapu, akaniambia nitazame kimea kidogo chenye maua ya zambarau kilichoota kwenye ufa wa mwamba. Nikahesabu petali tatu zinazolingana, kisha stameni sita, vile vijiti vya chavua vya katikati ya ua, zote zina nywele, zote zina chavua. Akanipa kongwa. Petali mbili kubwa na moja ndogo. Stameni tatu zenye chavua, ziko chini, zimejinyoosha mbele. Nyingine za juu ni fupi, zina vichwa vya manjano vyenye umbo la msalaba, na ukizikwaruza kwa sindano hupati chavua ya maana.

"Hawa ni ndugu," akasema. "Jamii moja. Nani alianza?"

Nikasema yule wa kwenye mwamba, kwa sababu ni wa kawaida zaidi. Akakubali, na wasomi nao nimesikia wanaelekea hukohuko. Wanasema zamani sana maua ya jamii hii yalikuwa sawa pande zote, petali tatu sawa, stameni sita zote zinafanya kazi. Halafu baadhi ya koo zikabadilika kidogo kidogo, kwa vizazi visivyohesabika. Ua likapata juu na chini. Petali ya chini ikasinyaa. Nusu ya stameni zikaacha kutoa chavua zikabaki kuwa pambo. Nyuki anakuja, anaona yale manjano, anadhani ni chakula, anayaparamia. Huku yeye akihangaika juu, zile stameni za kweli zinampaka chavua tumboni. Asali hakuna hata tone. Mzee Ndalahwa alikuwa akicheka kila akisimulia hivyo, akisema nyuki naye ana matapeli wake.

Kwa hiyo mtaelewa jinsi moyo ulivyonipiga siku niliyolala kifudifudi karibu na njia ya miguu, nje kidogo ya Masumbwe, kwenye kibonde chenye unyevu, nikaona petali ya tatu ikiwa kubwa na ya bluu kama zile mbili.

Nilifikiri ni ua moja lililoumbika vibaya. Hutokea. Nikasogea kwa lingine, tatu. Nikasogea tena. Kipande chote kile cha kibonde, kirefu kama nyumba mbili zikipangwa, makongwa yake yote yalikuwa na petali tatu sawa. Nikatoa lenzi. Stameni sita, na zote zilikuwa na chavua. Lilikuwa kongwa kwa majani, kwa bahasha, kwa mizizi, lakini ua lake lilikuwa limeirudia njia ambayo jamii yake iliiacha zamani za kale. Nilibaki pale mpaka maua yote yakayeyuka, kisha nikakaa kitako kwenye majani nikajikuta natafuta wa kumwambia.

Hapo sikuwa na mtu. Mzee Ndalahwa alikuwa amefariki. Mama Neema tulikuwa tumemzika miezi mingi kabla ya hapo. Neema yuko Dar es Salaam, na nilipompigia simu kumweleza akaniambia, "Hongera baba, umekula lakini?" Simlaumu. Nyumba yangu ya Shinyanga ilikuwa na kiti kimoja kinachokaliwa na kingine kilichojaa magazeti ya kukaushia. Nilikuwa mpweke, na nasema hivyo bila kuzungukazunguka kwa sababu ndiyo sababu ya yote yaliyofuata. Mtu akikaa kimya muda mrefu anasahau kwamba kuongea ni sehemu ya kazi.

Ofisini niliandika barua fupi tu kwamba nina jambo nalifuatilia. Nilitaka uhakika kwanza. Je, mmea uleule hutoa ua la namna ileile kila siku? Mbegu zake zitaota na kutoa maua ya namna gani? Nyuki wanalitendeaje ua lisilo na pambo la manjano? Kwa hiyo nikapanga chumba Masumbwe, nikachonga vigingi kumi na vinane, nikaviandika namba kwa rangi, nikavifunga vitambaa vyekundu ili nisivipoteze kwenye nyasi, nikavipigilia kufuata ukingo wa kibonde, kila kimoja mbele ya mmea wake.

Wale mlioko Geita, kwenye dhahabu, mmeshaanza kushika vichwa, najua. Na mimi nilipaswa kushika changu. Nimekulia upande wa Mwadui, kwenye mgodi wa almasi. Huko tangu utotoni nilijua kwamba mtu anayetembea akikodolea ardhi macho, na yeye hukodolewa macho. Lakini miaka mingi ya maua ilikuwa imenifanya nisijione.

Hebu nitazameni kwa macho ya watu wa pale. Mzee mgeni anafika alfajiri. Anakuja na lenzi ileile ambayo madalali wa dhahabu hutazamia mawe. Analala chini, anatazama udongo, anaandika kwenye daftari. Ana chupa za dawa. Anapigilia vigingi vyenye namba, vimenyooka kama anafuata mwamba wa dhahabu chini ya ardhi. Saa nne anaondoka haraka, kesho anarudi.

Pembeni ya njia alikuwapo mama mmoja aliyekuwa akiuza uji na maandazi, Mama Kulwa, na wateja wake walikuwa wachimbaji wanaopita kwenda kwenye maduara yao, yaani mashimo yao ya dhahabu, ng'ambo ya kilima. Kila asubuhi tulisalimiana.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mama."

"Leo tena? Unatafuta nini hapo chini?"

"Majani tu."

Siku ya nne au ya tano alinimiminia uji bila kuulizwa, akaniambia, "Baba, mtu haamki alfajiri kwa ajili ya majani tu. Kaa basi utueleze." Wachimbaji wawili watatu waliokuwa kwenye benchi wakajisogeza kunipa nafasi. Nakumbuka mmoja alifuta benchi kwa mkono. Nami nikanywa uji nikiwa nimesimama, nikashukuru, "Wabeja sana," nikaenda zangu. Nilishachekwa sana maishani kwa ajili ya kazi yangu, na wakati ule sikuwa na nguvu ya kuchekwa tena. Nilijiambia nikishapata mbegu nitawaeleza.

Mtaniuliza kwa nini sikuhamisha hata mche mmoja, maana kongwa huota likitupwa tu. Nilikata vipande viwili. Nikavipanda kwenye kopo la bati, nikaliweka barazani Shinyanga, halafu nikatumwa Runzewe kwa kazi nyingine, siku kumi na mbili. Nyumbani hakukuwa na mtu wa kumwagia maji. Niliporudi bati lilikuwa linaunguza vidole na mle ndani mlikuwa na nyuzi za kahawia. Sikuhuzunika sana, kwa sababu nilijua kibonde kipo.

Nilipofika kibondeni kesho yake nilidhani nimepotea njia. Kulikuwa na watu kama soko. Kumbe wakati niko Runzewe rashi, yaani mbio za kugombea dhahabu, ilikuwa imelipuka. Mtu mmoja alisema mzee wa lenzi ameshapima, mwingine akasema ameenda kuleta kampuni, na waliposikia kampuni wakaona wakichelewa watakosa. Palikuwa na mashimo kumi na manane. Kila shimo lilianzia pale kigingi kilipokuwa. Udongo mwekundu wa chini ulikuwa umemwagwa juu ya kila kilichokuwa kijani, na kando karasha lilikuwa likisaga mawe kwa kelele hata husikii salamu.

Nilitembea katikati yao nikiwa nimeinama, nikitafuta, na nadhani hilo nalo liliwapa moyo wa kuendelea kuchimba. Nilipata shina moja lililokatika, halina bahasha. Nikalitia mfukoni, likafia mfukoni.

Kwenye ripoti niliandika: "Makazi ya mmea yameharibiwa na wachimbaji wadogo." Mnaweza kuisoma, ipo. Kila neno pale ni kweli, na bado ripoti ile inadanganya. Sikuandika habari za vigingi. Sikuandika vitambaa vyekundu, wala benchi la Mama Kulwa. Wenzangu walinipa pole, wakasema wachimbaji hawana huruma na mazingira, nami nikaitikia kwa kichwa. Kilichobaki ni majani machache makavu na chupa moja ya spiriti yenye maua tisa. Umbo lipo, mtahesabu petali tatu na stameni sita, lakini bluu imetoka yote, yanafanana na ngozi ya kitunguu. Msomi mmoja aliyaona akaniambia kwa upole kwamba bila mmea hai na bila mbegu, hawezi kujua kama ile ilikuwa tabia inayorithiwa au ni ugonjwa tu wa kibonde kile. Swali hilo limekaa na mimi tangu siku hiyo. Ninyi mna vifaa vya kusoma vinasaba kutoka kwenye kipande cha jani kilichokaushwa kwenye vichembe vya kufyonza unyevu. Mimi majani yangu niliyakausha kwa moto wa mkaa, na mengi yakaungua. Jaribuni hata hivyo.

Kwa hiyo mkifika Masumbwe, ramani iacheni garini kwanza. Tafuteni wanapouza uji, kaeni kwenye benchi, mnywe mkiwa mmekaa. Mkiulizwa mnatafuta nini, toeni lenzi muwape watazame wenyewe. Waambieni habari za nyuki na pambo la manjano. Watawacheka, waacheni wacheke. Msipigilie kigingi hata kimoja. Kama ni lazima mweke alama, wekeni na mwenyeji akiwa amesimama pale na ajue alama hiyo ni ya nini. Na petali ya tatu itafuteni kuanzia chini, kabla ya saa tatu.

Mimi nilijifunza hayo kwa kuchelewa. Msimu wa mvua uliofuata nilirudi, sikutumwa na mtu. Rashi ilikuwa imeshakwisha. Dhahabu hawakupata, mashimo yalikuwa yamejaa maji, na watu walikuwa wamehamia kwingine isipokuwa kikundi kidogo kilichokuwa kikipekua kifusi. Makongwa yalikuwa yameota juu ya udongo ule. Nililala chini nikaanza kuyatazama moja moja, na yote yalikuwa na ile petali ndogo, iliyopauka. Nilifanya hivyo asubuhi tatu mfululizo.

Asubuhi ya tatu kijana mmoja, msimamizi wa mojawapo ya yale maduara, akaja akasimama karibu na kichwa changu. Aliitwa Shija. Nikamtambua. Ndiye aliyenifutia benchi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Wewe ndiye mwenye vigingi."

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikakaa, nikamwambia ndiyo. Halafu sijui ilikuwaje, nikaanza kuongea. Nikamweleza yote, petali, stameni, ndugu yake wa kwenye mwamba, Mzee Ndalahwa na bahasha zisizo na barua, hata Mama Neema na kenge. Nikamkatia ua, nikampa lenzi. Akalishika kama wanavyoshika jiwe, akalisogeza kwenye mwanga.

"Hii ya huku chini ndiyo iliyokuwa kubwa?"

"Ndiyo."

"Na ilikuwa bluu hivihivi?"

"Bluu kabisa."

Akawaita wenzake. Wakaja wanne, matope mpaka magotini, wakapokezana lenzi. Mmoja akasema yale ya manjano ni dhahabu feki, na wote wakacheka, na mimi nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba wa mke wangu. Wakataka la pili, nikawakatia. Wakaniuliza maswali ambayo hata ofisini hawajawahi kuniuliza. Shija peke yake ndiye aliyeacha kucheka. Alikuwa anatazama shimo lake.

"Mzee, wiki zote zile ulikuwa unatupita hapa kwa salamu tu," akasema. "Ungetwambia. Sisi mwamba hatukuuona, tulifuata vigingi vyako. Kuchimba tungechimba popote."

Akavuka njia ya miguu kwenda upande wa pili, penye nyasi ambazo hakuna aliyezigusa, akapiga kisigino chini.

"Hata hapa," akasema.

Nikapima kwa macho kutoka aliposimama mpaka kwenye shimo la kwanza. Hazikufika hatua kumi.